Seva Mbali, Ufunguo Mfukoni

Takwimu za chanjo, orodha za wanafunzi na hesabu za vyama vya akiba zimehama kwenye madaftari. Siku hizi hukaa kwenye seva, yaani kompyuta isiyo na mtu mbele yake, inayowaka usiku na mchana mahali penye umeme wa uhakika. Kongo, kama Kenya na Tanzania, hukusanya takwimu za afya kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya ilipoieneza nchi nzima mwaka 2011 iliamua kutumia seva moja ya mtandaoni, badala ya kila wilaya kuwa na mashine yake kabatini. Tangu hapo mtindo huo umekuwa wa kawaida, na umezaa kazi ambayo wengi hawaijui: nyuma ya fomu anayoijaza muuguzi yuko fundi anayeitunza seva ambayo pengine hajawahi kuiona kwa macho. Huiingia akiwa mbali, kwa programu ya kuunganisha iliyo kwenye kompyuta au simu yake. Programu za namna hiyo ni nyingi, kila moja ikijiita ya kisasa. Kwa mtu anayefanya kazi kando ya ziwa Tanganyika, kwenye vijiji kama Mpala, nadhani maswali mawili yanatosha kuzichuja. La kwanza: laini ikikatika, kazi inakuwaje? La pili: ufunguo unakaa kwa nani? Rangi za skrini, vichupo na orodha nzuri za seva ni mambo ya baadaye, na nyingi zinazosifiwa kwa mambo hayo huanguka kwenye mojawapo ya maswali mawili.

Mpala, kijiji cha ufukweni kusini mwa mji wa Kalemie, imewahi kuendeshwa kutoka mbali. Mwaka 1883 ofisa wa Ubelgiji Emile Storms alijenga ngome hapo kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa Mapadri Weupe. Katika miaka hiyo maagizo ya Brussels yalipandishwa kutoka pwani kwa miguu ya wapagazi, yakapita Tabora hadi Karema, yakavuka ziwa, na yalipofika yalikuwa na umri wa miezi. Leo agizo hufika kwa muda usiozidi kupepesa jicho, kama likifika. Kebo za baharini zimeigusa Afrika Mashariki tangu SEACOM ilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na upande wa Atlantiki ipo WACS inayotua Moanda. Kalemie iko katikati ya bahari hizo mbili, mbali na zote. Kutoka hapo hadi Frankfurt, ambako seva nyingi za kukodi zinakaa, ni kama kilomita 6,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya kebo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 65 hata kebo ingenyoshwa kama uzi. Kebo haiendi hivyo. Inazunguka bara, inapita kwenye mitambo kadhaa, na mwisho inategemea mlingoti wa simu ambao umeme au mafuta ya jenereta yakiisha, nao unazimika. Hayo ndiyo mazingira ambayo programu ya kuunganisha inapaswa kupimwa nayo, wala si dawati la Frankfurt.

Karibu programu zote za kazi hii huzungumza lugha moja, SSH. Ilianzishwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kutega chombo cha kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo. Wakati huo watu waliingia kwenye mashine za mbali kwa Telnet, iliyopeleka kila kitu waziwazi, neno la siri likiwemo. Aliyekaa njiani aliweza kulisoma. Ylönen alitengeneza njia inayosimba mazungumzo yote, akaomba apewe mlango namba 22, uliokuwa wazi kati ya mlango wa FTP (21) na wa Telnet (23), akapewa. Mwaka 1999 watu wa mradi wa OpenBSD walitoa OpenSSH, iliyo huru na ya bure, na ndiyo iliyomo leo kwenye Linux na kwenye Mac. Windows nayo ina programu ya OpenSSH ndani yake tangu matoleo ya Windows 10 ya mwaka 2018, ingawa watumiaji wengi hawajui na wanaendelea kutafuta ya kupakua. Mwenye kompyuta ya miaka hii ana tayari chombo kizuri ndani yake, na anayetafuta kingine anapaswa kueleza hicho kimepungukiwa na nini.

Wapo wanaokwepa SSH kabisa na kutumia programu za kuonyesha skrini ya mbali, kama TeamViewer au AnyDesk. Kwa kumsaidia mzee wa ofisi ambaye printa yake imegoma, zinafaa sana. Kwa seva ni anasa, na anasa hiyo inalipiwa kwa mega. Programu hizo husafirisha picha ya skrini inayobadilika kila mara. SSH husafirisha maandishi tu: ukibonyeza herufi moja, kifurushi cha baiti mia moja hivi kinakwenda na kingine cha ukubwa huo kinarudi. Amri ya herufi arobaini, kwenda na kurudi, ni kilobaiti kumi hivi. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ni sawa na amri kama hizo mia tatu, ambazo ni kazi ya siku nzima. Kwa anayenunua mega kwa siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama seva itatunzwa kila asubuhi au itasubiri hadi mwisho wa mwezi.

Turudi kwenye swali la kwanza. Chukua fundi aliyetumwa Mpala, anaboresha hifadhidata iliyo kwenye seva ya mbali. Ameandika amri, maandishi yanashuka kwenye skrini, kisha yanasimama. Anabonyeza, hakuna kitu. Simu imehama kutoka mlingoti mmoja kwenda mwingine, au mtandao umemgawia anwani mpya, na muunganisho wa SSH umefungamana na anwani ya zamani, kwa hiyo umekufa. Hilo halingekuwa kitu kama ungekufa muunganisho peke yake. Seva ikishagundua kwamba mtu wake ameondoka, huziambia programu alizoziacha zikiendelea kwamba zisimame, na nyingi hutii. Hifadhidata inabaki nusu imebadilishwa, nusu bado. Mtu akirudi hewani baada ya saa moja hajui hatua ipi ilikamilika, na kuirudia yote kunaweza kuharibu zaidi. Dawa yake ipo kwenye seva yenyewe, na ni ya zamani: Screen, iliyoanza mwaka 1987, au mdogo wake tmux, wa mwaka 2007. Ukifungua tmux kabla ya kuanza kazi, kazi inaendelea ndani yake hata laini ikifa, na ukirudi unaandika amri moja ya kuungana tena na kuikuta ilipofika. Hakuna programu ya kuunganisha, hata ya bei kubwa, inayoweza kufidia kutokuwepo kwa tmux upande wa pili. Kwa hiyo sehemu ya jibu la "nichague ipi?" haihusu programu ya mteja hata kidogo, na wauzaji hawana haraka ya kulisema hilo.

Tmux inaiokoa kazi, lakini haimwokoi mtu na kero ya kuandika herufi na kuisubiri ionekane. Hapo ndipo ninapoona neno "kisasa" linastahili, na mstahiki ni programu iliyotoka mwaka 2012 mikononi mwa Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT, iitwayo Mosh. Inaanza kwa SSH ya kawaida, ili utambulisho uthibitishwe kwa njia inayoaminika, kisha inahamia kwenye UDP, namna ya kutuma paketi isiyodai muunganisho wa kudumu. Seva haijali tena paketi imetoka anwani gani, mradi imesimbwa kwa ufunguo sahihi. Unaweza kufunga kompyuta Mpala, ukapanda boti, ukaifungua Kalemie kwenye mtandao mwingine, na dirisha lile lile likaendelea kama hukuondoka. Pia haisafirishi kila baiti iliyopita ulipokuwa nje ya mtandao, bali hali ya skrini ilivyo sasa, na kwa mwenye laini nyembamba hiyo ni nafuu kubwa. Herufi unazoandika nazo huonyeshwa papo hapo kwa kubashiri, zikiwa na mstari chini mpaka seva izithibitishe. Watengenezaji wake walipoipima kwenye mtandao wa 3G wa Marekani, nusu ya herufi za SSH zilichelewa zaidi ya milisekunde 503 kuonekana. Kwa Mosh kipimo hicho cha katikati kilishuka chini ya milisekunde 5. Kumbuka kwamba mtandao uliojaribiwa ulikuwa mzuri kuliko ule unaopatikana kwenye vijiji vingi vya ziwani leo.

Mosh ina mapungufu, na anayeisifu bila kuyataja anampotosha msomaji. Lazima iwekwe kwenye seva pia, na milango ya UDP kati ya 60000 na 61000 ifunguliwe. Mahali ambapo seva ni ya mtu mwingine, huenda akakataa. Baadhi ya mitandao ya maofisini huzuia UDP. Haibebi mafaili, na haikumbuki maandishi yaliyokwisha kupita juu ya skrini, hivyo tmux inabaki kuwa mwenzi wake. Haibadilishwi mara kwa mara pia, na wapo wanaoona programu isiyotoa toleo jipya kila mwezi kuwa imekufa. Mimi naona chombo kinachofanya kazi moja vizuri hakihitaji kuvishwa nguo mpya kila msimu, ilimradi matatizo ya usalama yanazibwa. Asiyeweza kuiweka Mosh aongeze walau mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ya OpenSSH, "ServerAliveInterval 30", ili kompyuta itume salamu fupi kila sekunde thelathini na mitambo ya njiani isidhani mazungumzo yamekwisha.

Kuna watakaosema hoja hii yote ni ya jana. Mei 2025 ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliipa Starlink leseni, baada ya huduma hiyo kupigwa marufuku mwaka mmoja kabla. Setilaiti zake huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu, wakati zile za zamani zinazohudumia misheni na mashirika kwa madishi makubwa ziko kilomita 36,000 juu, umbali ambao peke yake hula kama nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Nakubali kwamba pale dishi litakapowekwa, kero ya kusubiri herufi itapungua sana. Lakini dishi hukaa juu ya paa la parokia au hospitali. Haliendi na fundi sokoni wala kwenye boti, na linataka umeme muda wote linapofanya kazi. Kalemie hupata umeme wa maji kutoka Bendera, na ukikatika hapo, mwenye simu yenye chaji ndiye peke yake aliyebaki na uwezo wa kuifikia seva. Mtandao ukiwa bora, programu inayovumilia kukatika haikupunguzii chochote, lakini ukiwa mbaya unaihitaji.

Swali la pili, la ufunguo, linaumiza vichwa zaidi kwa sababu madhara yake hayaonekani siku ile ile. Siku hizi hatuingii kwenye seva kwa neno la siri, au hatupaswi. Tunatengeneza jozi ya funguo: wa siri unabaki kwako, wa hadharani unawekwa kwenye seva. Programu mpya zinazopendwa, kama Termius, hutoa huduma ya kuhifadhi orodha ya seva zako, na funguo pia, kwenye hifadhi ya kampuni mtandaoni, zikiwa zimesimbwa, ili ukibadilisha simu ukute kila kitu kipo. Sina shaka kwamba usimbaji wao ni wa kweli. Shaka yangu ni juu ya kuweka funguo za watu wengi chini ya paa moja, maana paa hilo huwavutia wezi wenye subira. Mwaka 2022 wezi walinakili hifadhi zilizosimbwa za wateja wa LastPass, kampuni ya kutunza maneno ya siri, na waliokuwa na neno kuu dhaifu wakabaki kwenye hatari kwa sababu mwizi anaweza kubahatisha nyumbani kwake bila haraka. Februari 2024 AnyDesk walitangaza kwamba mitambo yao imeingiliwa, wakafuta maneno ya siri ya tovuti yao. Fundi wa Kalemie hana wakili wala timu ya usalama ya kumwamsha usiku. Habari kama hizo humfikia baadaye, pengine wiki kadhaa.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kukaa na ufunguo wako mwenyewe hakujawa kinga, na atakuwa na ushahidi mzuri. PuTTY, programu ya Simon Tatham iliyotolewa mwaka 1999 na iliyowafundisha SSH mafundi wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, ilikuwa na kasoro iliyogunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum. Kuanzia toleo la 0.68 hadi 0.80, funguo za aina moja, zile za ECDSA za biti 521, zilitoa saini zenye upungufu wa unasibu, kiasi kwamba aliyekusanya saini sitini hivi aliweza kuukokotoa ufunguo wa siri. Toleo la 0.81 la Aprili 2024 lilirekebisha programu, lakini halikuweza kuziponya funguo zilizokwisha kutumika. Hizo zilipaswa kutupwa. Wiki chache kabla yake, mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa kwenye xz, programu huria inayotumiwa na Linux, baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. (Kwenye mtandao wa Kalemie nusu sekunde hiyo isingemshtua mtu.) Ni kweli, basi, kwamba programu huria huvunjika. Lakini tazama zilivyoshikwa: watu wa nje, wasioajiriwa na mtengenezaji, walipima, wakasoma msimbo, wakatangaza, na marekebisho yakatoka kwa kila mtu bila malipo. Ninachodai ni kwamba mwenye ufunguo wake aweze kuutupa na kutengeneza mwingine siku ile ile, bila kumngoja mtu wa pili, na ahakikishe programu yake inapata matoleo mapya.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka kwa wanaofundisha. Kijana aliyemaliza masomo Kalemie, aliyezoea simu, akiwekewa skrini nyeusi yenye maneno ya Kiingereza huogopa, na programu yenye vitufe humpa ujasiri. Hiyo ni kweli, na sioni aibu mtu kuanza na ConnectBot kwenye Android, au Termius bila kuwasha hifadhi ya mtandaoni. Tatizo ni kwamba vitufe hubadilika kila toleo na kila kampuni, ilhali amri za ssh alizojifunza mtu miaka ishirini iliyopita bado zinafanya kazi leo. Simu ya Android ya kawaida inaweza kubeba Termux, ambayo upakuaji wake wa kuaminika ni kutoka F-Droid, ghala la programu huria, na ndani yake OpenSSH, Mosh na tmux vyote vinapatikana bure. Kuandika kwa vidole kwenye kioo ni adhabu, lakini kibodi ndogo ya Bluetooth huipunguza. Kuhusu timu, wanaosema bila hifadhi ya pamoja watu hawawezi kushirikiana wanachanganya mambo mawili. Kinachopaswa kugawanwa ni orodha ya seva, na hiyo ni faili moja la maandishi. Funguo hazigawanwi kabisa: kila mtu na wake. Ufunguo wa hadharani wa aina ya Ed25519, iliyomo kwenye OpenSSH tangu 2014, una herufi themanini tu pamoja na jina la aina yake, kwa hiyo unaingia kwenye SMS moja. Mfanyakazi mpya aliyeko Mpala bila mega anaweza kuutuma kwa ujumbe wa kawaida. Ule wa RSA wa biti 4096 ungehitaji jumbe tano.

Kuna kosa moja ambalo hakuna programu inayolizuia, na linatendeka kila siku. Mara ya kwanza unapoungana na seva, OpenSSH husema haijui kama seva hiyo ndiyo yenyewe, inakuonyesha alama yake ya utambulisho, SHA256 ikifuatiwa na herufi na tarakimu 43 zisizo na maana, na kukuuliza kama uendelee. Karibu kila mtu huandika "yes" bila kusoma. Wakati huo ndipo mtu aliyekaa njiani anaweza kujifanya seva. Anayejali humpigia simu mwenzake mwenye alama halisi, aliyeipata kwa amri ya ssh-keygen ndani ya seva, wakasomeana yote kwa sauti. Huchukua dakika mbili na gharama yake ni ya simu fupi. Baadaye seva ikijengwa upya alama hubadilika, programu hupiga kelele na kukataa kuungana, na hapo pia simu ndiyo jibu, wala si kufuta onyo kwa haraka ili kazi iendelee. Baadhi ya programu nzuri za vitufe huuonyesha ujumbe huu kwa maandishi madogo ya kijivu karibu na kitufe kikubwa cha kukubali, na hilo peke yake kwangu ni sababu ya kuzipunguzia alama.

Halafu kuna ajali ya kawaida ya ziwani, simu kudondoka majini au kuibwa sokoni. Kama ufunguo ulilindwa kwa neno la siri, na kila fundi ana wake, mwenzake wa Kalemie anafungua faili la authorized_keys kwenye seva, anafuta mstari mmoja, na simu ile haina tena mlango. Kama mafundi wanne wanatumia ufunguo mmoja waliopeana kwa WhatsApp, wote wanne wanabadilishiwa siku hiyo, kwenye kila seva, na ule wa zamani unabaki kwenye mazungumzo ya nani hajulikani. Na kama simu iliyozama ndiyo pekee iliyokuwa na ufunguo, kilichobaki ni kuiandikia kampuni iliyokodisha seva iwafungulie konsoli ya dharura, kwa utambulisho wa yule aliyelipia na kwa saa za kazi za Ulaya.